Hekalu, ukuta na kantha: niliyojifunza kwa Stella Kramrisch

Stella Kramrisch alipofariki dunia mjini Philadelphia mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 97, alikuwa ameishi na sanaa ya India kwa zaidi ya miaka 70: kwanza akiwa mwanafunzi mjini Vienna, kisha mwalimu mjini Calcutta (leo Kolkata), na mwishowe profesa na msimamizi wa mikusanyo ya makumbusho nchini Marekani. Sikuwahi kumwona. Nilimfahamu kwa vitabu vyake nilipokuwa nikisoma historia ya sanaa mjini Vadodara, katika jimbo la Gujarat, nikiwa mmoja wa wanafunzi wa Kiafrika waliosomeshwa kwa ufadhili wa serikali ya India. Katika wasomi wote niliowasoma huko, yeye ndiye aliyenifundisha kutazama, na yeye pia ndiye niliyebishana naye kwa muda mrefu zaidi. Watu wengi humkumbuka kwa kitabu kimoja, kile cha hekalu, ilhali mimi naona jambo kubwa zaidi alilotuachia liko katika kantha, yaani matandiko ya akina mama wa Bengali, mashariki ya India, na katika kuta za nyumba za vijijini. Na naona pia kwamba jambo hilo aliliacha nusu, likisubiri wengine walimalizie.

Alizaliwa mwaka 1896 huko Nikolsburg, Moravia, mji uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, ambao leo uko Jamhuri ya Czech kwa jina la Mikulov. Familia yake ilihamia Vienna, na huko, kabla ya usomi wote, alijifunza kucheza bale. Akiwa kijana aliisoma Bhagavad Gita katika tafsiri ya Kijerumani, na kitabu hicho kikamwonyesha njia atakayoishika maisha yake yote. Mwalimu wake mmojawapo katika Chuo Kikuu cha Vienna alikuwa Josef Strzygowski, aliyepinga kwa nguvu mazoea ya kuifanya Roma kuwa chimbuko na kipimo cha kila sanaa. Mwaka 1919 Kramrisch alimaliza shahada ya udaktari kwa tasnifu kuhusu sanamu za kale za Kibuddha za Sanchi na Bharhut, katikati ya India, kabla hajaikanyaga India.

Alipokuwa Uingereza akitoa mihadhara alikutana na mshairi wa Bengali Rabindranath Tagore, naye akamkaribisha Santiniketan, kwenye shule yake. Alifika India mwanzoni mwa miaka ya 1920, na haukupita muda mrefu Asutosh Mookerjee, aliyekuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Calcutta, akamchukua kufundisha sanaa ya India katika chuo hicho, ambako alidumu hadi mwaka 1950. Desemba 1922, kutokana na barua alizomwandikia Johannes Itten, kazi za wasanii wa shule ya Bauhaus ya Ujerumani zilionyeshwa Calcutta: Kandinsky, Klee, Feininger na Itten mwenyewe walitundikwa pamoja na wachoraji wa Bengali, na mwaka huohuo akaandika makala kuhusu Gaganendranath Tagore na namna alivyouchukua mtindo wa Ulaya wa kuvunja umbo katika pembe na miraba akaufanya wake. Naitaja habari hii kwa sababu wengi hudhani kwamba mpenzi wa mahekalu ya kale lazima awe adui wa mambo mapya. Kramrisch hakuwa hivyo hata siku moja.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nimeisikia ikitumiwa, kwa maneno tofauti, kuhusu wasomi wa Ulaya waliokwenda India, na mimi siikubali yote. Mwenyeji hakuwa amelala akisubiri kuamshwa. Ram Raz, msomi wa Kihindi, alikwisha kuandika juu ya usanifu wa Wahindu, na maandiko yake yakachapishwa London mwaka 1834, zaidi ya miaka 60 kabla Kramrisch hajazaliwa. Abanindranath Tagore alikuwa tayari ameanzisha njia mpya ya uchoraji Bengali, na ndiye aliyehariri pamoja na Kramrisch jarida la Chama cha India cha Sanaa ya Mashariki katika miaka ya 1930 na 1940. Ananda Coomaraswamy, aliyezaliwa Colombo kwa baba Mtamil na mama Mwingereza, alikwisha kutoa hoja nzito kwamba sanaa ya India isomwe kwa fikra za India. Kramrisch aliingia katika mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea, akapewa nafasi, akasikiliza. Nguvu yake iko hapo, na anayemsifu kama mvumbuzi peke yake humpunguzia heshima, kwa sababu huwafuta walimu wake.

Somo la kwanza nililolipata kwake lilitoka katika tafsiri aliyoitoa mwaka 1924 na kuirekebisha mwaka 1928, tafsiri ya sehemu ya andiko la Kisanskriti liitwalo Vishnudharmottara. Humo mfalme Vajra anamwomba mwenye hekima Markandeya amfundishe kutengeneza sanamu za miungu. Markandeya anamjibu kwamba asiyejua uchoraji hawezi kuelewa sanamu; na uchoraji haueleweki bila ngoma; na ngoma haieleweki bila muziki wa ala; na muziki wa ala nao hauwezekani bila kuimba. Mfalme aliyetaka kujifunza uchongaji anajikuta anaanza na wimbo. Nikifikiri kwamba aliyetafsiri maneno hayo alikuwa binti aliyewahi kucheza bale, naelewa kwa nini katika maandishi yake yote sanamu za India hazisimami tuli: daima anaeleza pumzi iliyojaa kifuani, mkunjo unaopita kiunoni, mwendo unaoanzia wayo na kuishia kwenye vidole.

Mwalimu wetu mmoja wa Vadodara, mama wa makamo aliyetuzoeza kumwita kwa heshima ya Kigujarati ya dada mkubwa, aliligeuza andiko hilo kuwa zoezi. Alitupeleka mbele ya sanamu ya mungu wa kike aliyesimama kwa mikunjo mitatu, akatutaka tusimame vilevile: uzito wote mguu mmoja, nyonga ikisukumwa upande, bega likishuka upande wa pili, kichwa kikirudi kilikotoka. Wachache wetu tuliweza kukaa hivyo kwa muda. Alisema, "Ben, ukishachoka ndipo utaona mchongaji amefanya nini." Na kweli, mguu ulipoanza kuuma ndipo nilipoona kwamba mchongaji alikuwa ameuondoa mwilini ule mkazo wote ambao mwili wangu haukuweza kuuficha, misuli haionekani, mifupa haionekani, na bado mwili umesimama. Kramrisch aliandika kuhusu jambo hilo kurasa nyingi. Nisingezielewa bila mguu ule.

Kisha kuna kitabu kikubwa. The Hindu Temple kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Calcutta mwaka 1946 katika juzuu mbili, pamoja na picha za Raymond Burnier, na ni kitabu kigumu. Msomaji hapewi historia ya wafalme wala orodha ya mahekalu kwa mpangilio wa karne. Anaanzishwa na uwanja mtupu, mchoro unaochorwa juu yake kabla ya jiwe lolote kuwekwa, yaani mraba uliogawanywa katika miraba midogo 64 au 81, ambamo Purusha, yule mtu wa asili ambaye mwili wake ndio ulimwengu, amelazwa na miungu imemshika kila mmoja mahali pake. Katika mchoro wa miraba 81 Brahma, mungu muumba, anachukua miraba 9 ya katikati, na miungu mingine 44 inamzunguka. Kutoka hapo Kramrisch anapanda polepole: chumba cha giza cha ndani kabisa, kuta nene zinazokizunguka, mnara unaopaa juu yake kama mlima, na sanamu zinazochomoza pande zote. Hoja yake, nikiieleza kwa ufupi, ni kwamba hekalu halikujengwa ili kuwakusanya watu ndani. Ni umbo linalotoka katika nukta moja ya katikati na kuenea nje na juu, wakati mja anafuata njia ileile kinyumenyume, kutoka nje penye mengi hadi ndani penye kimoja.

Nilikwenda Khajuraho, mji wa mahekalu katikati ya India, nikiwa nimebeba nakala ya juzuu ya kwanza. Hekalu la Kandariya Mahadeva, lililojengwa katika karne ya 11 na watawala wa ukoo wa Chandela, linasimama juu ya jukwaa refu la mawe na kufikia kimo cha mita 31 hivi. Nililizunguka kwanza kwa nje, nikiuweka ukuta upande wangu wa kulia kama wafanyavyo waumini, na nikaona jambo ambalo picha hazilionyeshi: ukuta haukai bapa hata kwa upana wa mkono. Unatoka, unaingia, unatoka tena, na kila unapotoka unamleta mungu au mwanamke au mnyama kwenye jua, na kila unapoingia unaweka kivuli. Juu, vilele vidogo zaidi ya 80 vinaegemea mnara mkuu, kila kimoja kikiwa na umbo la mnara uleule. Baada ya hapo nilipanda ngazi za mashariki nikaingia. Ukumbi unapata mwanga kutoka kwenye roshani za pembeni, lakini kila hatua mwanga unapungua, mapambo nayo yanapungua, hadi unafika kwenye chumba cha mwisho ambamo kuta hazina kitu na katikati kuna linga ya marumaru, nguzo fupi iliyo ishara ya mungu Shiva. Kramrisch alikuwa amenieleza yote hayo chumbani mwangu bwenini, na bado nilishtuka. Maelezo yake yalikuwa ya kweli kwa jengo lile, hatua kwa hatua.

Hata hivyo, kadiri nilivyosoma zaidi ndivyo maswali yalivyoongezeka. Katika kitabu kile wajenzi hawana jasho. Hakuna mfalme anayetaka kuwashinda majirani zake, hakuna fedha, hakuna ukoo wa wachongaji unaohama kutoka jimbo moja kwenda jingine kutafuta kazi. Maandiko ya Kisanskriti yanaongoza, na jengo linafuata. Wakati Kramrisch akifundisha Calcutta, msomi mwingine wa jiji hilohilo, Nirmal Kumar Bose, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1932 uchunguzi wake wa kanuni za ujenzi wa mahekalu ya Orissa, jimbo la mashariki ya India, uliotokana na hati za majani ya mtende zilizotunzwa na mafundi wenyewe na maelezo aliyoyapata kwao. Baadaye Devangana Desai alizisoma sanamu za mapenzi za Khajuraho na za kwingineko kwa kuzingatia jamii iliyozigharamia, mabwana wa ardhi, mafundisho ya tantra (njia ya siri ya ibada), nafasi ya mahekalu katika uchumi, mambo ambayo Kramrisch aliyapita kwa kuziona sanamu hizo kama ishara ya muungano wa roho na asili yake. Naye Michael Meister, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania baada ya Kramrisch, alipima mahekalu ya kaskazini kwa kamba na vipimo, na katika makala yake ya mwaka 1979 akaonyesha kwamba gridi ya miraba ilitumika kweli kupanga misingi ya majengo na unene wa kuta. Hapo Kramrisch alithibitishwa, na uthibitisho wenyewe ulitoka kwenye mawe aliyoyapa nafasi ya pili.

Gujarat ina faida moja kwa mwanafunzi wa mambo haya: jamii ya Sompura, wajenzi wa mahekalu kwa urithi, wangali kazini. Hekalu la Somnath lililozinduliwa mwaka 1951 lilisanifiwa na Prabhashankar Sompura. Nilipotembelea karakana ya kuchonga mawe, fundi mkuu alikuwa akipita kati ya vipande vya mchanga-mawe vilivyotoka machimboni, anagonga kila kimoja kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kile kilichotoa sauti ya kukauka alikitia alama ya chokaa kikawekwa kando, kwa sababu kina ufa usioonekana. Nilimuuliza kuhusu Purusha na miraba yake. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayeulizwa jina la babu yake, kwamba bila hiyo huwezi kuanza. Kisha akarudi kwenye jambo lililokuwa likimsumbua asubuhi ile, yaani urefu wa boriti za mawe na umbali kati ya nguzo, kwa sababu jiwe haliwezi kubeba kila urefu ambao mteja anautaka. Kramrisch na fundi yule hawapingani. Lakini nilijua kuanzia siku hiyo kwamba nikisoma kitabu chake peke yake ninapata nusu ya hekalu.

Mashariki ya Vadodara kuna wilaya ya Chhota Udepur, makazi ya Warathva, na huko ndiko nilikofika kwenye sehemu ya urithi wa Kramrisch ninayoipenda kuliko zote. Warathva humwekea nadhiri mungu Pithoro: mtoto akiugua, ng'ombe wakifa, mvua ikikosekana, mwenye nyumba huahidi kwamba tatizo likiondoka atachorewa Pithoro ukutani. Nilibahatika kualikwa kwenye nyumba iliyokuwa ikitimiza nadhiri ya namna hiyo. Ukuta unaochorwa ni ule unaotenga baraza na chumba cha ndani, pamoja na kuta za pembeni. Wasichana ambao hawajaolewa walikuwa wamekwisha kuukandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, kisha wakaupaka chokaa nyeupe. Wachoraji, wanaume, walichanganya rangi za unga na maziwa na pombe ya maua ya mti wa mahua, wakachora kwa vijiti vilivyopondwa ncha. Waligawana ukuta bila mabishano, mmoja akianza na mpaka wa mstatili unaozunguka kila kitu, wengine wakijaza farasi: farasi wa miungu, farasi wa mababu, msafara wa harusi ya Pithoro, jua na mwezi juu, na chini mkulima na plau yake, mwanamke anayesukasuka maziwa, chui, kisima. Pembeni niliona bunduki na saa. Wakati wote huo badvo, kuhani wao, alikuwa ameketi na waimbaji akisimulia kwa wimbo.

Kilichonigusa zaidi kilikuja baada ya uchoraji kukamilika. Badvo alipandisha mizuka, akasimama mbele ya ukuta, akaanza kuukagua. Alinyoosha kidole kwa farasi mmoja baada ya mwingine, akataja ni wa nani, na wachoraji wakajibu. Mahali pamoja alitikisa kichwa: kulikuwa na kilichosahauliwa. Mchoraji mmoja aliinuka, akaongeza, na badvo akaendelea. Hakuna aliyemuuliza kama farasi ni mzuri. Waliuliza kama yupo, na kama yuko mahali pake. Ukuta ulipokubaliwa, mbuzi alichinjwa, watu wakala hadi usiku, na kuanzia hapo ukuta ulikuwa mungu aliyekuja kukaa nyumbani mwao. Bibi wa nyumba ile aliniambia kwamba sasa mwanawe atalala vizuri, na alisema hivyo akiwa amegeukia ukutani.

Mwaka 1968, Kramrisch, akiwa msimamizi wa sanaa ya India katika Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia tangu 1954, aliandaa pamoja na msanii na mtafiti wa Gujarat, Haku Shah, maonyesho yaliyoitwa Unknown India. Walileta farasi wa udongo wa vijijini, sanamu za shaba za watu wa misituni, vinyago, nguo na vitu vya ibada za nyumbani, wakaviweka katika makumbusho ya sanaa kwa hadhi ileile ya mawe ya Khajuraho. Leo jambo hili linaweza kuonekana la kawaida, lakini wakati ule vitu vya aina hiyo vilipelekwa makumbusho ya mila, kando ya mikuki na vyungu, vikiwa na maelezo ya kabila na tarehe ya kukusanywa. Kramrisch alikuwa mwandishi wa kitabu kigumu kuliko vyote kuhusu hekalu la mawe, na kwa sababu hiyo neno lake lilikuwa na uzito: aliyeijua miraba 81 ndiye aliyesema kwamba farasi wa udongo aliyewekwa chini ya mti na mkulima wa Gujarat anatoka katika fikra ileile ya nadhiri, mahali na uwepo wa mungu. Haku Shah, ambaye alizifahamu njia za vijiji hivyo kwa miguu yake, anastahili nusu ya sifa hiyo, na naona mara nyingi hapewi.

Lakini Kramrisch hakusubiri hadi uzeeni ndipo aone hayo. Makala yake kuhusu kantha ilichapishwa Calcutta mwaka 1939, miaka 7 kabla ya kitabu cha hekalu. Kantha ni tandiko au kitambaa cha kufunikia ambacho wanawake wa Bengali hukishona kwa sari na dhoti (nguo ya kujifunga ya wanaume) kuukuu: vitambaa vyeupe vilivyolainika kwa kufuliwa hupangwa tabaka kadhaa, kisha hushonwa pamoja kwa mshono wa bandi. Nyuzi za rangi zilichomolewa kwenye pindo za sari hizohizo. Kantha ilishonwa kwa ajili ya mtu: mtoto anayesubiriwa, bwana harusi, baba, mgeni wa heshima. Katika makala ile Kramrisch aliandika juu ya vitambaa chakavu vinavyokusanywa na kuwa kitu kizima, akavihusisha na joho la viraka la watawa wa Kibuddha na wa Kihindu. Hakuwahi kuandika jambo bora zaidi ya hilo, kwa maoni yangu, na aliandika juu ya kazi ya wanawake ambao wasomi wengi wa zama zake hawakuwahesabu kuwa wasanii.

Nilipopata nafasi ya kufika Philadelphia, miaka mingi baada ya masomo, niliomba kwa miadi kuonyeshwa kantha alizoziacha kwa makumbusho. Ile niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi ilikuwa na yungiyungi lililochanua katikati na miti minne ikielekea humo kutoka kwenye pembe nne. Katikati ya miti kulikuwa na tembo, wapanda farasi, watu waliobeba machela, na samaki waliojaza nafasi iliyobaki. Mahali ambapo hapakuwa na picha, mshono mweupe ulikuwa umezunguka kila umbo mara nyingi, sambamba, hadi kitambaa chote kikawa kimenyanyuka na kushuka kama maji ya kidimbwi yaliyopitiwa na upepo. Nilihesabu kwa macho mishono ya sehemu ndogo kisha nikaacha. Nilitazama na mpangilio: kituo, pembe nne, mpaka, vitu vyote vya dunia vikizunguka kituo kimoja. Mwanamke aliyeshona hakuwa na haja ya andiko la Kisanskriti ili kuujua uwanja wa hekalu.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na Kramrisch ulipo. Nilitafuta jina la mwanamke yule katika taarifa za kantha ile. Zilikuwa na mahali, Bengali, na karne, ya 19, na jina la aliyeimiliki mwishoni. Jina la mshonaji halikuwapo. Makumbusho hayohayo yana ukumbi wa nguzo za mawe kutoka Madurai, kusini ya India, ulionunuliwa huko mwaka 1912 na Adeline Pepper Gibson na kutolewa kwa makumbusho mwaka 1919, na kila mgeni anayeingia humo hulisoma jina la mnunuzi. Ukumbi huo haukuletwa na Kramrisch, ila alifanya kazi kando yake kwa miongo mingi. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba kantha inashonwa na mtu kwa ajili ya mtu, na bado majina hayakusafiri pamoja na vitambaa.

Najua ninaloweza kujibiwa: sanaa ya India ya kale haina majina, na kutafuta jina ni mazoea ya Ulaya. Kramrisch mwenyewe alielekea huko, kwa sababu alimwona fundi kama mlango ambao umbo linapitia. Jibu hilo haliniridhishi. Manadasundari alishona jina lake kwenye kantha aliyomtengenezea baba yake, na kantha hiyo iko Bengali hadi leo kwa sababu Gurusaday Dutt, mtumishi wa serikali aliyekusanya sanaa za vijijini katika zama zilezile za Kramrisch, aliuacha mkusanyo wake nyumbani, na ukawa makumbusho karibu na Kolkata. Wanawake waliojua kusoma na kutaka kujulikana walijiandika. Wengine pengine walijulikana kwa kila mtu nyumbani, na hapakuwa na haja. Aliyeikuta kantha mikononi mwa familia angeweza kuuliza, na jibu lingekuwa la kizazi kimoja au viwili tu nyuma.

Haya yote yamebadilisha kazi yangu ya kila siku, kwa kuwa nimerudi nyumbani na ninaandika taarifa za vitu katika mkusanyo wa makumbusho. Kadi tulizorithi zina nafasi ya jina la kitu, malighafi, vipimo, mahali kilipopatikana na jina la mkusanyaji. Kwa Kramrisch nilichukua desturi ya kuuliza kitu kinafanya nini pale kilipo: kinatakiwa kielekee wapi, nani anakigusa, kinawekwa lini na kuondolewa lini, na kipi lazima kiwepo kando yake ili kifanye kazi. Kwa badvo wa Chhota Udepur nilichukua swali la pili, kama kimekamilika kwa maoni ya wanaokitumia, na kimepungukiwa nini kilipofika kwetu. Kwa ugomvi wangu na kadi ya kantha ile nikaongeza mstari wa aliyekitengeneza, na ninapompigia simu mzee wa kijiji kuhusu kiti au ngoma iliyoletwa miongo minne iliyopita, mara nyingine jina hupatikana kwa mazungumzo ya dakika chache, kwa sababu aliyechonga ni shangazi au mjomba wa mtu.

Kwa vijana wanaoniuliza waanzie wapi kumsoma, huwa siwaelekezi kwenye kitabu cha hekalu. Nawaambia waanze na mkusanyo wa makala zake uliohaririwa na Barbara Stoler Miller na kuchapishwa mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya serikali ya India kumtunuku nishani ya Padma Bhushan, kwa sababu mwalimu anasikika vizuri zaidi katika makala kuliko katika juzuu. Kisha waende kwenye The Presence of Siva, kitabu cha mwaka 1981 alichokitoa akiwa na miaka 85, mwaka uleule aliofungua Philadelphia maonyesho makubwa ya sanaa ya Shiva. Kinaanza na mwindaji wa porini anayemlenga mshale Baba wa viumbe, na hakuna mlango bora wa kuingilia kwenye sanamu ya Shiva ya vichwa vitatu iliyo katika pango la Elephanta, kisiwa karibu na Mumbai. Kitabu cha hekalu wakifungue mwisho, na wawe na makala ya Meister na kazi ya Bose mezani wakati huohuo, ili kila Kramrisch anapotaja andiko wao watafute kamba ya kupimia na mkono ulioishika.